Maziwa ya Bishara

Niseme mapema tusipotezeane wakati: mimi, Kache wa hoteli, ndiye niliyemnywesha Bishara yale maziwa. Mwandishi hakutaka anywe. Mimi nilitaka. Na leo nikirudishwa kwenye benchi lile lile, na kitabu kile kile mkononi, nitamnywesha tena.

Bishara si mtu wa kumkuta njiani. Ni mwanamke wa kitabuni, wa riwaya iitwayo Ndama wa Bishara iliyotoka mwaka 1972, na hapa Garsen hakuna kitabu kilichopendwa kama hicho. Nimesema kilipendwa, sikusema kilisomwa. Aliyekisoma ni mimi. Wengine walisomewa.

Hoteli yangu iko karibu na stendi ya magari ya Malindi. Napika chai, mahamri na maharagwe, na pilau siku ya Ijumaa. Maziwa ya chai nanunua kwa akina mama wa Kiorma wanaoingia mjini alfajiri kwa miguu kutoka manyatani, kwenye maboma yao ya ng'ombe. Saa nne wameshauza. Lakini jua la Garsen la saa sita si la kutembelea, kwa hiyo wanakaa barazani kwangu mpaka lipoe, ndipo warudi kwao. Watu kumi na tano, siku nyingine ishirini, wamekaa mkekani mchana mzima bila kazi. Zamani nilikuwa nasoma peke yangu pembeni, midomo ikichezacheza. Mmoja wao, Sora, ambaye kwa maneno hana mpinzani, akaniuliza, "Wewe nasema na nani?" Nikamwambia nasoma. "Basi soma kwa nguvu, sisi pia nasikia." Ndivyo tulivyoanza, mwaka 1990. Shule niliishia darasa la saba, lakini sauti ninayo, na kusoma nawashinda walimu wengi. Sijisifu, ulizia stendi.

Vitabu nilikuwa naazima kwa mwalimu Mangi wa shule ya msingi, ambaye ana sanduku zima la vitabu chini ya kitanda. Yeye hakuja kutusikiliza hata mara moja, maana saa zetu za kusoma ndizo saa zake za kufundisha, na likizo husafiri.

Hadithi ya Ndama wa Bishara haina mambo mengi. Baba anakufa, anamwachia binti yake Bishara ndama mmoja. Kiangazi kinaingia, na kaka yake, Galma, anamuuza yule ndama bila kumwambia. Bishara anaapa kwamba maziwa ya boma la Galma hayatapita tena kooni mwake. Sisi Wagiriama tutasema, makubwa hayo? Acha maziwa, kunywa maji. Lakini kwa Waorma hilo si jambo dogo. Ndugu akikuletea maziwa ukayakataa, umemwambia kwamba nyinyi si wa tumbo moja tena. Kitabu kizima ni ugomvi huo na miaka yake. Ukurasa wa mwisho Galma anakuja mlangoni kwa dada yake, amekonda kwa aibu, amebeba chombo cha maziwa kwa mikono miwili. Bishara anakipokea. Anayatazama. Halafu anayamwaga miguuni pa kaka yake, na ardhi inayanywa. Basi, kimekwisha.

Nilipousoma mwisho huo peke yangu asubuhi nikiwasha jiko, kabla ya kuwasomea, nilishikwa na hasira nikakitupa kitabu ndani ya unga. Kurasa mia mbili umenitembeza, mwisho uje unimwagie maziwa?

Na si hasira ya kitabu tu. Miongoni mwa wasikilizaji wangu alikuwemo Barwako. Ni mwanamke mrefu, mjane, mtu wa maneno machache sana. Habari yake kila mtu aliijua. Baba yake naye alimwachia mtamba, na katika kiangazi cha 1984 kaka yake, Godhana, akamuuza mtamba yule hapa hapa mnadani Garsen. Barwako naye aliapa. Mwandishi hakuwa akimjua Barwako wala Barwako hakuwa akimjua mwandishi. Visa kama hivyo viko vingi huku kwenye ng'ombe na ukame. Lakini tangu sura ya pili wale akina mama walikuwa wakimtazama kwa pembe ya jicho, na yeye alikuwa akitazama mkeka. Miaka saba alikuwa hajatia mguu kwa Godhana. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikuwa akiuza maziwa ya watu, anaambulia kikombe.

Siku ya mwisho nikafika pale pale. Galma yuko mlangoni, chombo mikononi. Nikainua macho kidogo, nikamwona Barwako ameuma ncha ya mtandio wake. Nilikuwa nimeshasema, "Bishara akakipokea kwa mikono miwili, akayatazama." Neno lililofuata lilikuwa limeandikwa wazi mbele yangu. Nikalitazama, nikalikataa. Nikasema, "Akanywa." Halafu kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea: akanywa mpaka chini, akafuta midomo kwa kiganja, akamwambia kaka yake, ingia ndani, jua kali.

Walipiga vigelegele mpaka makondakta wakaja kuuliza nani anaolewa. Barwako hakupiga. Alisimama, akachukua madumu yake, akaondoka na jua lile lile la saa nane.

Wiki iliyofuata alirudi na maziwa mengine, mazito, yenye harufu ya moshi mtamu. Akaniwekea kikombe mezani. "Hii ni ya Godhana," akasema. "Nilienda. Nilimwambia, hata Bishara alikunywa." Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, nikajipongeza sana.

Tangu hapo maisha yake yalibadilika. Godhana alimpa ng'ombe watatu wa kukamua, kisha watano. Mwanawe aliozwa kwa heshima, mjomba amesimama. Na yalipokuja mafuriko ya Elninyo mwishoni mwa 1997, Tana ikapanda mpaka ikameza mashamba yote kuanzia Kulesa, Godhana ndiye aliyekwenda na mtumbwi wa kukodi akamtoa Barwako na wajukuu wake wawili juu ya kichuguu, walikokaa siku mbili. Mimi mwenyewe maji yaliingia mpaka kwenye meza. Sanduku la mwalimu Mangi lilikwenda na mto, na Ndama wa Bishara ndani yake. Nitasema ukweli: kitabu hicho nilikisikitikia, lakini si sana. Ushahidi wa kosa langu ulikuwa umekwenda baharini.

Kumbe mwandishi alikuwa hajamaliza.

Agosti 1998, shule zimefungwa, mwalimu Mangi alirudi kutoka Malindi na msafara wa magari, akaingia hotelini kwangu mchana akiwa amebeba kitabu juu ya kichwa. "Akina mama! Bishara amerudi!" Kilikuwa kitabu cha pili, Bishara Avuka Mto, kimetoka baada ya miaka ishirini na sita. Mwandishi ni yule yule, Bwana Shee wa Kipini.

Ungefikiri wangefurahi wote. Wapi! Sora alipiga makofi akataka tuanze saa hiyo hiyo. Alitaka kujua kama Bishara amezeeka vibaya au vizuri. Mwingine akasema vitabu vya pili ni kama mke wa pili, huja na maneno yake. Mwalimu Mangi mwenyewe, aliyekibeba kutoka Malindi, alikuwa na mashaka. "Mtu akae miaka ishirini na sita ndipo akumbuke ana neno la kuongeza?" akasema. "Nimekinunua, lakini nakiogopa. Kile cha kwanza nilikisoma nikiwa chuoni. Sitaki kuharibiwa."

Barwako ndiye aliyenishangaza. Alisema, "Bishara alikunywa. Amepumzika. Huyu mzee nataka nini kwake tena?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu Bishara ayamwage maziwa ya kaka yake.

Kama mwalimu Mangi asingekuwepo ningepita palepale kama gari linavyopita shimo, maana nilishazoea. Lakini alikuwa amekaa pembeni yangu, bega kwa bega, anatazama ukurasa. Nikasema koo linaniuma. Nikasema kitabu kinaonekana kibaya, chapa ndogo. Sora akanijibu, "Wewe soma, ubaya sisi tutaona." Nikasema maharagwe yanaungua, nikakimbilia jikoni. Mwalimu Mangi akakichukua kitabu, akakohoa kama walimu wanavyokohoa, akausoma mstari ule.

Kelele zilizotoka pale sijapata kuzisikia.

"Nani alimwaga?"

"Bishara alikunywa! Alikunywa yote!"

"Akafuta mdomo hivi!" Sora alikuwa amesimama anaonyesha.

Mwalimu Mangi akasema taratibu kwamba hapana, ndivyo kitabu cha kwanza kilivyoisha, Bishara aliyamwaga. Akina mama wakacheka mpaka wakaegemeana. Mwalimu amechoka, Mwalimu apewe chai. Mtu mmoja dhidi ya watu kumi na wanane, na kitabu cha kumtetea kimo baharini. Akanigeukia mimi. "Kache, wewe ndiye uliyekisoma hapa. Sema."

Nikageuza maharagwe. "Nilisoma kilichokuwepo," nikasema.

Naona haya hadi leo kwa jibu hilo. Niliona mtu mzima mwenye cheti cha ualimu anaanza kuishuku akili yake. Mwishowe akasema, "Hili halina shida. Bwana Shee yuko hai, yuko Kipini hapo. Tumwite atuambie mwenyewe." Akina mama wakakubali kwa kishindo. Kwao kesi ilikuwa imekwisha: mzee amesahau kitabu chake mwenyewe, na aje akumbushwe. Barua ikaenda Jumatatu na gari la samaki. Jibu likarudi na gari hilo hilo: atakuja Alhamisi.

Siku moja kabla hajafika, Barwako alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikaa kwenye benchi, akayaweka madumu yake sawa, moja baada ya jingine.

"Kache," akasema, "mimi nataka kumuuliza hii mzee kwa macho yake."

"Muulize, dada."

"Kama Bishara alikunywa, sawa. Kama alimwaga..." Akatafuta neno. "Miaka saba mimi nakunywa kwa Godhana. Nilivunja kiapo ya mimi kwa sababu ya huyo mama. Nilisema, yeye ni mkubwa kuliko mimi, yeye amesamehe. Kama hakusamehe, mimi nilidanganywa na nani?"

Pale ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Niliogopa, basi. Niliogopa kwamba nikisema, atarudi nyumbani kukata tena undugu, na ng'ombe wale watano na wajukuu na mjomba wao, vyote vilivyosimama juu ya neno langu moja, vitaanguka. Na niliogopa jinsi atakavyonichukia mimi. Nikamwambia, "Mzee atajua." Akachukua madumu yake akaenda.

Bwana Shee aliteremka Alhamisi kutoka garini akinuka papa mkavu, kofia nyeupe safi, fimbo mkononi, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu lakini ungempa sabini. Mwalimu Mangi alimkalisha kwenye kiti cha pekee chenye mto. Nilimpa chai. Akaisifu, maana hakuijua bado dhambi yangu.

"Wanangu," akasema, "nimekuya. Nimeambiwa hapa Garsen kuna mahakama."

Sora hakungoja hata amalize kikombe. Akamweleza mambo yote, kwa mikono na kwa macho: jinsi Galma alivyokuja, jinsi Bishara alivyokunywa, jinsi alivyofuta midomo, jinsi alivyosema ingia ndani, jua kali. Bwana Shee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande.

"Lakini sikuandika hivyo," akasema.

Barwako akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akisimama mbele ya watu kusema. "Mzee, kwa heshima. Bishara alikunywa ama alimwaga?"

"Aliyamwaga, mwanangu. Miguuni pa ndugu yake."

Akina mama hawakukasirika. Walimhurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Mmoja akasema umri huo. Mwingine akasema, hata baba yangu alikuwa hivyo hivyo, alisahau mpaka jina la ng'ombe wake. Sora akamgusa bega, akamwambia kwa sauti ya kumliwaza mtoto, "Si kitu, mzee. Wewe kumbuka pole pole." Nikamwona Bwana Shee anavua miwani. Akajipangusa macho. Akamtazama mwalimu Mangi, mwalimu Mangi naye akatazama chini, maana hakuwa na hakika tena. "Labda," akasema yule mzee. "Ni zamani. Labda naliandika mara mbili. Mato yangu..."

Nina kasoro zangu, na nyingi nazipenda. Lakini sikuweza kukaa pale na mwiko mkononi nikitazama mtu akivuliwa akili yake mbele ya watu kwa kosa langu.

"Hakusahau," nikasema. "Aliandika akayamwaga. Mimi ndiye niliyesoma akanywa."



"Kwa nini?" akauliza Sora.

"Kwa sababu ulikuwa mwisho mbaya! Kwa sababu nilikuwa na akina mama kumi na wanane wamekaa na kiu tangu sura ya kwanza, na nilikuwa na..." Nikamtazama Barwako, nikashindwa kumaliza. Alikuwa bado amesimama. Uso wake haukuwa na kitu chochote.

Ndipo Bwana Shee akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliniomba niusome mwisho wangu. Nikamwambia haukuandikwa popote. "Basi useme," akasema. Nikausema, wote, kama nilivyousema mwaka 1991, mpaka jua kali. Alipousikia akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakamtoka.

"Nalikuwa na miaka ishirini na saba," akasema. "Nimegombana na kaka yangu kwa shamba la minazi, hatusemi. Sikumwandika Bishara, najiandika mimi. Kaka yangu akafa mwaka sabini na tisa, na salamu yangu hajaipata. Ndiyo nimeandika cha pili. Bishara avuka mto kwenda kumtaka radhi Galma. Afika, aonyeshwa kaburi." Akanigeukia. "Ningalijua wewe upo, mama, nisingaliandika cha pili. Kingaliisha kwa kimoya."

Haya, watu wengine wangejisikia wamesamehewa kwa maneno hayo. Kuambiwa na mwandishi mwenyewe! Lakini wakati mzee anasema hivyo, Barwako alikuwa ameshashuka barazani. Aliacha dumu moja.

Wengine hawakuondoka, walikuwa na kazi nyingine. Sora alinikazia macho. "Na yule daktari ya kitabu ile ingine ulitusomea. Alioa nesi kweli?"

"Alimwoa."

"Apia."

Nikaapa. Wakaanza kunihoji kitabu kimoja kimoja, vyote vya miaka minane: yule mwizi alikamatwa kweli, yule mtoto alipona kweli, yule bibi alikuwa mchawi kweli au nilimwongezea. Nilijibu mpaka sauti ikakauka. Vyote vingine nilivisoma kama vilivyoandikwa, naapa mbele yenu pia. Lakini nani angeniamini? Mtu akishakosa mara moja, huchunguzwa hata pale alipopatia.

Siku kumi Barwako hakuja. Maziwa ya Godhana hayakuja. Nilipika chai kwa maziwa ya pakiti, na wateja walinitazama kama nimewawekea sumu. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia njia ya manyatani, na kila asubuhi nilikuwa najiambia kwamba nimevunja mwenyewe kilichojengwa na mdomo wangu. Sikulala vizuri na sikuwa mtu wa kuongea naye.

Siku ya kumi na moja alikuja. Alikuwa na maziwa. Aliyatua mezani, hakukaa.

"Nilienda kwa Godhana," akasema. "Nilimwambia, nimedanganywa. Bishara alimwaga. Unajua alisema nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alisema, najua." Midomo yake ilikuwa inacheza kwa hasira. "Yeye alisoma hii kitabu zamani, alilazwa hospitali Ngao na mguu, wakampa asome. Siku ile mimi niliingia kwake nikasema hata Bishara alikunywa, alijua ni uongo siku ile ile. Akanyamaza. Miaka saba kila swala anaombea Mungu huyo mtu alinisomea vibaya. Hajui ni nani. Sasa anajua ni wewe. Anakusalimu."

Nilitaka kucheka, nikaona si wakati wake.

"Wewe nacheka ndani," akasema. "Godhana alijua. Wewe ulijua. Mwalimu alijua. Mimi peke yangu sikujua, na ni maisha ya mimi. Nyinyi mlinipeleka kama ng'ombe anapelekwa majini. Maji ni mazuri, ndiyo. Lakini ng'ombe hakuulizwa."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba vizuri, bila kujitetea, na wanaonijua watakwambia hilo hutokea mara ngapi.

"Sitaki pole," akasema. "Nataka unifundishe. Mimi sitasomewa tena na mtu."

Bwana Shee, aliporudi Kipini, alimtumia mwalimu Mangi nakala yake mwenyewe ya Ndama wa Bishara, ya jalada la zamani, aweke shuleni. Tuliiomba. Kuanzia Septemba, wenzake wakijinyoosha mkekani, mimi na Barwako tulikaa kwenye benchi la nyuma na ubao mdogo. A, e, i, o, u. Ba, be, bi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na vidole vilivyozoea chuchu za ng'ombe, chaki aliivunja mara ngapi sijui. Sharti lake lilikuwa moja: nisimtangulie. Akikwama, nisimalizie. Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu tosha. Kuna siku alikaa juu ya neno moja mpaka pilau ikaungua, nami nimeuma ulimi. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikuuliza. Alileta maziwa kila siku, na kwa Godhana alikunywa kila siku. Hilo la pili nililijua kwa Sora, si kwake.

Februari aliweza kusoma mabango ya stendi. Aprili alianza kitabu chenyewe, sentensi mbili kwa siku, siku nyingine tano. Kuna mchana alicheka peke yake, na niliona wivu, maana mwanzo watu wote waliocheka kwa kitabu hicho walicheka kwa sauti yangu.

Ukurasa wa mwisho aliufikia Juni, siku ya Jumanne. Alisema atausoma barazani, mbele ya wote. Akina mama wakakusanyika. Sora alikaa mbele kabisa. Mimi nilisimama mlangoni pa jikoni, mikono nimeifunga ndani ya kanga ili isinisaidie kusema.

Barwako aliweka kidole chini ya mstari. Galma akaja mlangoni. Kidole kikasogea. Bishara akakipokea kwa mikono miwili. Akayatazama. Kisha Barwako akasita, kama nilivyosita mimi mwaka 1991, mahali hapo hapo. Nilijua kwamba akitaka anaweza kusema lolote. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemkatalia.

"A-ka-ya-mwa-ga," akasoma.

Akasoma na sentensi ya ardhi iliyoyanywa, mpaka nukta. Hakuna aliyepiga kigelegele. Akakifunga kitabu, akakaa akiwa ameweka kiganja juu ya jalada, anamfikiria yule mwanamke aliyebaki peke yake na chombo kitupu.

"Maskini," akasema. "Hakuwa na mtu ya kumdanganya."